Wakili wangu kumbe alishafutwa: rufaa, kiwanja na pesa zangu zitakuwaje?

BARUA

Shikamooni wana safu.

Nauza dagaa kwa jumla Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Aprili 2023 nilinunua kiwanja Buhongwa kwa shilingi milioni 14. Mkataba aliuandika bwana mmoja mwenye ofisi hapa mjini. Kibao chake mlangoni kinasema wakili, kamishna wa viapo na mthibitishaji wa hati. Alitugongea muhuri mimi na muuzaji, nikamlipa laki mbili. Baadaye huyohuyo alinitengenezea hati ya uwakilishi ili kaka yangu aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, anisimamie mambo ya kiwanja nikiwa safarini.

Mwaka jana jirani aling'oa mawe ya mpaka na kumega kipande. Nikarudi kwa yule bwana. Akaniandalia maombi ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ila akaniambia, "Utasimama mwenyewe, mama, mimi nitakuwa nyuma yako." Hakuingia barazani hata siku moja. Alikuwa anakaa nje, ananielekeza kwa simu. Nimeshindwa. Tangu hukumu isomwe leo ni siku ya 35. Ameshaandaa rufaa ya kwenda Mahakama Kuu, ninayo mkononi, haijasajiliwa. Anataka laki nane ndipo aipeleke. Mpaka sasa nimemlipa milioni 3 na laki 2, nyingi kwa simu.

Juzi binti yangu aliingiza jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wa kuhakiki mawakili, ikaja kwamba ameondolewa kwenye daftari la mawakili. Na nilipoitazama ile rufaa vizuri, muhuri si wake, ni wa wakili mwingine nisiyemjua. Nilipomuuliza alisema amekata rufaa kupinga kufutwa kwake, kwa hiyo bado ni wakili, na muhuri ni wa mwenzake wanayeshirikiana.

Rufaa hii niipeleke? Kiwanja bado ni changu? Pesa zangu nazipataje, na huyu mtu anafanywa nini? Mteja wangu wa Kisumu ananiambia nisihofu, kwao nyaraka za wakili wa namna hiyo zinabaki halali.

Mama wa Dagaa, Kirumba

JIBU

Marahaba, Mama wa Dagaa. Kwa sababu ya hiyo namba 35, majibu ya haraka tulikutumia siku ileile ulipoandika. Hapa tunayaandika kwa urefu, maana wenye shida kama yako ni wengi.

Rufaa hiyo usiipeleke. Laki nane usimpe. Lakini pia usipoteze hata siku moja kugombana naye sasa hivi, kwa sababu saa inayokimbia si yake, ni yako. Rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia hapo Barazani, inakatwa ndani ya siku 45 tangu tarehe ya uamuzi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Siku zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa, na hapo wengi hukosea kwa kuhesabu tangu walipoichukua nakala. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inaruhusu siku ulizokuwa unasubiri nakala ya hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) zitolewe kwenye hesabu, lakini zichukue kama akiba ya dharura tu. Na ili akiba hiyo ikusaidie uwe na ushahidi: barua yako ya kuomba nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na tarehe nakala ilipokuwa tayari. Ukiwa na siku 10 mkononi, fanya kazi kana kwamba akiba hiyo haipo.

Siku ya kwanza ina safari mbili. Nenda Barazani na barua ya kuomba nakala ya hukumu na tuzo kama hukuzichukua, na mwenendo wa shauri pia. Kisha nenda kwa yule bwana, bila kelele wala vitisho, umwombe faili lako lote: asili ya mkataba wa kiwanja, asili ya hati ya uwakilishi, vielelezo, risiti. Mwambie unataka kutoa nakala, na ni kweli utatoa. Ukitanguliza ugomvi, asili za hati ndizo zitakazogeuzwa rehani ya hizo laki nane. Aliyefutwa hana haki ya kushikilia nyaraka zako kwa deni la ada, lakini kumlazimisha azirudishe kutachukua wiki ambazo huna.

Siku ya pili tafuta wakili mwingine, ukimkagua kama tutakavyoeleza hapa chini. Mpe hukumu, usimpe ile rufaa iliyoandikwa airekebishe. Aandike sababu za rufaa upya kutoka kwenye hukumu yenyewe. Hati iliyorithi maneno na mpangilio wa ile ya kwanza inampa mpinzani wako nafasi ya kuuliza nani hasa ameiandaa. Huna pesa ya wakili mpya? Unaweza kukata rufaa mwenyewe. Masjala ya Mahakama Kuu Mwanza hupokea mashauri kwa njia ya mtandao, na asiye na wakili huelekezwa namna ya kusajili. Umuulize pia wakili, au masjala, kuhusu maombi ya kuzuia ukazaji wa hukumu. Kukata rufaa peke yake hakumzuii jirani kuomba akabidhiwe kile kipande na kujenga ukuta wakati rufaa yako inasubiri tarehe.

Na kama siku 45 zitapita licha ya yote hayo, utaomba kuongezewa muda. Mawakili watakutajia shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, Maombi Na. 2 ya 2010 ya Mahakama ya Rufani, linalotaka mwombaji aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, aonyeshe kwamba hakuzembea, na kwamba ucheleweshaji wenyewe si wa kupindukia. Kwa vitendo maana yake ni daftari. Anza leo: tarehe fulani nilikwenda Barazani, karani akasema nakala haijachapwa, tarehe fulani binti aliona taarifa kwenye e-Wakili, tarehe fulani niliomba faili, nikanyimwa. Kiapo kinachosema "nilitapeliwa nikachelewa" hakitoshi. Kiapo kinachotaja kila siku ilikwendaje, na hata risiti ya daladala ikiwepo, kinasikilizwa. Mahakama zetu ni nzito kukubali uzembe wa wakili kama sababu ya kuchelewa. Wewe uliyedanganywa na mtu ambaye si wakili una hoja tofauti, mradi uonyeshe kwamba ulipogundua hukukaa.

Sasa huyo bwana mwenyewe. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, kifungu cha 39, inataka mtu awe na vitu vitatu ndipo afanye kazi ya uwakili: jina lake liwe kwenye daftari la mawakili, awe na cheti cha uwakili kilicho hai, na awe na leseni ya biashara. Cheti ni cha mwaka, kinaisha 31 Desemba. Akikosa kimoja kati ya hivyo, sheria inamwita mtu asiye na sifa, hata kama amesomea sheria miaka mingi. (Namba za vifungu tunazotumia ni za toleo la 2019. Toleo la marejeo la 2023 limeshaanza kutumika na baadhi ya namba zimesogea, kwa hiyo mwambie anayekuandikia alinganishe.)

e-Wakili inatofautisha hali hizo, na tofauti yake ina maana kubwa kwako. Aliyefutwa ameondolewa kwenye daftari. Aliyesimamishwa bado yumo ila haruhusiwi kufanya kazi kwa muda. Asiyehuisha cheti naye haruhusiwi, ingawa hajatenda kosa lolote la maadili. Wengine wameajiriwa serikalini au wamepumzika tu. Kwa nyaraka zako matokeo yanafanana kwa wale watatu wa kwanza. Kwa adhabu yao hayafanani. Piga picha skrini ikionyesha tarehe, kisha mwombe Msajili wa Mahakama Kuu au Chama cha Mawakili Tanganyika, ambacho kina tawi Mwanza, uthibitisho wa maandishi wa mambo mawili: hali yake ya sasa, na tarehe alipoondolewa. Picha ya simu inakuonyesha njia, lakini barazani na polisi karatasi yenye sahihi ndiyo inayobeba uzito. Halafu hakikisha ni yeye. Majina yanafanana sana Kanda ya Ziwa, kwa hiyo linganisha na namba yake ya uwakili. Ipo pia aina ya tapeli ambaye hakuwahi kuwa wakili kabisa, anatumia jina la wakili wa kweli aliye mkoa mwingine.

Hiyo hoja ya "nimekata rufaa, bado ni wakili" ijibu kwa swali moja: amri iko wapi? Uamuzi wa Kamati ya Mawakili unakatiwa rufaa Mahakama Kuu, ndiyo, lakini karatasi ya rufaa haimrudishi mtu kwenye daftari. Kinachomrudisha ni amri ya mahakama, ama ya kusimamisha uamuzi au ya kuutengua. Inawezekana kutenguliwa. Fatma Karume, aliyewahi kuwa rais wa chama hicho cha mawakili, aliondolewa na Kamati mwaka 2020 na Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo mwaka 2021. Tunamtaja kwa hilo tu, kwamba daftari hubadilika kwa amri, pande zote mbili. Wako kama anayo amri, atakuonyesha ndani ya dakika tano.

Muhuri wa kuazima ndio unaotusumbua zaidi katika barua yako. Kishoka, yaani anayefanya kazi ya uwakili bila ruhusa, akiwa ni wakili aliyefutwa mara nyingi haendi mahakamani. Akisimama mbele ya hakimu anaulizwa jina, na jina linatafutwa papo hapo. Kwa hiyo anafanya kazi ya pazia: anaandika, mteja anasimama mwenyewe, na panapohitajika muhuri anaazima. Chukua ile rufaa uiweke mezani. Tazama chini kabisa, panaposema "Imeandaliwa na". Kifungu cha 44 kinamtaka aliyeandaa hati aandike hapo jina na anwani yake, na msajili anatakiwa kukataa hati isiyo na maelezo hayo. Jina la nani limeandikwa? Sahihi iliyo juu ya muhuri inafanana na ile iliyo kwenye mkataba wako wa 2023? Kama mwandiko ni wa mtu mmoja na mihuri ni ya watu wawili, umeshapata kitu cha kuonyesha polisi. Kama kuna kiapo, soma sehemu ya mwisho inayosema kiliapwa wapi, tarehe gani, mbele ya nani. Sheria ya Wathibitishaji wa Hati na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inataka jina, mahali na tarehe ya kweli. Karatasi zinazogongwa muhuri kabla, zikiwa tupu, hujisaliti hapo: mahali hapajajazwa, au tarehe imeandikwa kwa kalamu nyingine, au imeandikwa Mwanza wakati siku hiyo wewe ulikuwa Ukara.

Mtafute mwenye muhuri. Jina lake lipo, mwangalie kwenye e-Wakili, mfuate ofisini au mpigie, mwonyeshe nakala (asili ibaki nyumbani) na umuulize kama anaitambua. Akisema haitambui, muhuri umeghushiwa, na yeye ndiye atakayekuwa shahidi wako mkuu, kwa kuwa jina lake liko hatarini kuliko pesa zako. Akisema "ndiyo, huyo ni mwenzangu", basi tatizo ni lake pia. Wakili haruhusiwi kumpa mtu asiye na sifa jina lake alitumie, na kosa hilo linaweza kumtoa naye kwenye daftari.

Turudi kwa mteja wako wa Kisumu. Hajakudanganya, amekueleza sheria ya kwao. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing la mwaka 2015, iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti. Uganda ilianza na msimamo mkali katika shauri la Profesa Huq na Chuo Kikuu cha Kiislamu, kisha mwaka 2002 bunge likaibadili sheria ili mteja asiye na hatia apewe nafasi ya kurekebisha. Kwetu Mahakama ya Rufani, katika shauri la Edson Mbogoro dhidi ya Dk. Emmanuel Nchimbi, Rufaa Na. 140 ya 2006, ilisema anachokifanya wakili asiye na cheti cha uwakili kilicho hai hakina nguvu ya kisheria, na kusudio la rufaa lililokuwa mbele yake likahesabiwa si kitu. Ziwa moja, sheria tatu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2018 yanayozitaka mahakama zitazame haki kuliko ufundi, mawakili hujaribu kumwombea nafuu mteja aliyeponzwa. Sisi tusingekushauri uingie Mahakama Kuu ukitegemea huruma hiyo wakati siku 10 zinatosha kuandika rufaa safi.

Vipi kuhusu shauri la Barazani lililokwisha? Hapo, kwa bahati, hila yake mwenyewe imekukinga. Maombi yalikuwa kwa jina lako, ulisaini wewe, ulisimama wewe, na kila mtu ana haki ya kujiendeshea shauri lake. Sura ya 216 inaruhusu hata ndugu au mtu wa nyumbani kwako akuwakilishe Barazani (ndiyo maana baadhi ya vishoka huingia kwa jina la "mjomba"). Kosa la kuandika hati kwa malipo bila sifa, lililo kwenye kifungu cha 43, ni lake. Haligeuki kuwa lako. Tatizo lako huko ni la namna nyingine: huenda aliandika vibaya, akaacha kumuunganisha mtu muhimu, au hakukwambia ulete mpima ardhi wala muuzaji wako kuwa shahidi. Hayo wakili mpya atayaona kwenye mwenendo, ndiyo maana tumesema uuombe mapema.

Siku ukipata uamuzi wowote unaohusu hati mbovu, soma neno lililotumika. Shauri lililoondolewa kwa kasoro laweza kurudishwa likiwa limesahihishwa, muda ukiruhusu. Lililotupwa limesikilizwa na kufungwa, njia yake ni rufaa. Watu hupoteza miezi wakikata rufaa dhidi ya shauri lililoondolewa tu, wakati walitakiwa kulisajili upya.

Kiwanja sasa. Kila kitu kinategemea tarehe: aliondolewa lini? Kama mkataba ulisainiwa Aprili 2023 na yeye akiwa kwenye daftari na cheti cha mwaka huo, umelala salama. Kufutwa baadaye hakurudi nyuma kuharibu alichofanya akiwa halali. Kama alikuwa ameshafutwa, bado usikate tamaa. Mauziano ni kati yako na muuzaji, na Sheria ya Ardhi inachotaka kwanza ni mkataba wa maandishi uliosainiwa na wahusika, jambo ambalo mlilifanya. Kilichojeruhiwa ni ushuhuda wa sahihi. Utakuuma siku ya kuhamisha umiliki, maana Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inataka sahihi zishuhudiwe na mtu mwenye mamlaka hayo, na Msajili wa Hati akigundua hakuwa nayo atakurudishia karatasi.

Dawa yake ni ya bei nafuu muuzaji akiwa hai, anapatikana na mnaongea. Mchukue mwende pamoja kwa wakili mliyemhakiki, msaini hati ya kuthibitisha mauziano: kwamba mwezi ule mwaka ule aliuza, bei milioni 14 ilikamilika, kiwanja kina mipaka hii na majirani hawa, na anathibitisha tena mauzo hayo. Mwenzi wake asaini ridhaa kama ni mali ya ndoa. Mashahidi wawe walewale, na mwenyekiti wa mtaa kama alikuwepo. Tarehe iandikwe ya siku mnayosaini. Msithubutu kuandika Aprili 2023. Kurudisha tarehe nyuma ni kughushi, na kishoka huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kulisema. Bei za mawakili kwa kazi hii zinatofautiana, jadilini kabla, mpewe risiti. Muuzaji akifa kabla ya hapo utakuwa unashughulika na msimamizi wa mirathi na watoto wanaokumbuka bei tofauti, kwa hiyo hili lifanyike mwezi huu.

Yeye anafanywa nini? Wengi wanakimbilia Kamati ya Mawakili, wanashangaa kusikia haiwezi kumfanya jambo kubwa. Kamati, inayoongozwa na jaji wa Mahakama Kuu, inawashughulikia mawakili: kuonya, kusimamisha, kuondoa. Huyu imeshamwondoa. Sasa ni raia anayetenda kosa, njia yake ni polisi na mahakama. Kufanya kazi ya uwakili bila sifa ni kosa la jinai chini ya Sura ya 341 na pia ni kuidharau mahakama. Kukuchukulia pesa kwa kujifanya wakili ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, kifungo kisichozidi miaka saba. Muhuri ukiwa wa kughushi, shtaka linaongezeka. Na siku akiomba arejeshwe kwenye daftari, maana aliyefutwa anaweza kuomba, rekodi hii itakuwa mezani. Kamati utaiandikia kuhusu yule wa pili, mwenye muhuri, kama aliuazimisha akijua. Malalamiko hayo yawe ya maandishi, yenye kiapo na nakala za hati.

Polisi nenda na bahasha iliyopangwa: uthibitisho wa tarehe ya kufutwa, picha ya kibao cha ofisi, rufaa yenye muhuri wa mtu mwingine, taarifa ya miamala ya simu kutoka kwa kampuni ya simu (si ujumbe tu, huo hufutika), na meseji alizokuandikia. Uombe namba ya jalada. Lalamiko lisilo na namba ya jalada limebaki kwenye kichwa cha askari wa zamu.

Pesa: yeye hawezi kukudai hata senti mahakamani kwa kazi aliyoifanya bila sifa, hivyo hizo laki nane ni hewa. Wewe unaweza kumdai. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamtaka aliyepokea faida chini ya makubaliano batili airudishe. Tenganisha hesabu. Laki mbili za mkataba wa 2023 zidai tu kama alikuwa ameshafutwa siku ile. Zilizobaki zipange kwa tarehe ya kila muamala, na zote zilizo baada ya tarehe ya kufutwa zimo kwenye dai. Mwandikie barua ya madai ya siku 14, umpe mtu aishuhudie akiipokea, kisha Mahakama ya Mwanzo. Kiasi chako kiko ndani ya uwezo wake, ada ni ndogo na lugha ni Kiswahili. Kesi ya jinai ikitangulia, mwambie mwendesha mashtaka aiombe mahakama amri ya fidia. Huyo bwana atakuja na nusu ya pesa na karatasi inayosema unafuta malalamiko. Pesa pokea, mwandikie risiti ya "malipo ya sehemu", karatasi usisaini. Usimwambie kamwe kwamba asipolipa utakwenda polisi. Nenda polisi kwa sababu kuna kosa, dai pesa kwa sababu ni zako, mambo hayo mawili yasikae kwenye sentensi moja hata kwenye WhatsApp.

Kuhusu wa kukusaidia bila gharama: wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaelekeza bure, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuonyesha waliopo. Anayejiita msaidizi wa kisheria na anataja bei, ondoka. Mchapaji aliye karibu na mahakama naye hana kosa akikuchapia ulichoandika wewe. Akianza kukutungia sababu za rufaa kwa elfu hamsini, umerudi ulikotoka.

Imebaki hati ya uwakilishi ya kaka yako. Kama ilithibitishwa baada ya kufutwa, mpigie leo asitumie tena, si benki, si ofisi ya ardhi, wala asisaini chochote na yule jirani. Utaandika mbili kwa wakili mpya siku moja: ya kuifuta ya zamani na ya kumteua upya, na kaka naye asaini. Avuke na kivuko cha asubuhi akiwa na kitambulisho cha NIDA na ile hati ya zamani mkononi, kwa sababu ofisi iliyokwisha kuipokea itataka kuiona ndipo iiondoe kwenye jalada.